SOMO LA UFUNDI: KLACHI YA LORI NA FEDHA ZA CHAMA

Lori lishukalo vilima vya Kisarawe na mzigo wa korosho, kisha likaingia katika msongamano wa Barabara ya Morogoro, hutumia klachi mara nyingi mno katika safari moja. Kwa miaka mingi magari ya mizigo yalisimama Misugusugu kwa ukaguzi, na madereva wa huko wajua kwamba kusogea hatua kwa hatua huila klachi kuliko mwendo wa kutwa nzima. Gharama yake humwangukia mwanachama, kwa kuwa hukatwa katika fedha za mazao.

Klachi hukaa kati ya injini na giaboksi. Pleti yake hubanwa kwenye flaiwili na presha pleti. Dereva akikanyaga pedali, beringi hulegeza mbano huo na nguvu ya injini hukatika. Kadiri pleti inavyolika, nafasi iliyoachwa mbele ya beringi hupungua. Nafasi hiyo huonekana kwenye pedali, na mafundi huiita mchezo. Mchezo ukiisha, beringi hugusa wakati wote, mbano haukamiliki, pleti huteleza na kuungua.

Katibu si fundi, lakini ndiye atiaye sahihi hati ya malipo. Rula yamtosha. Injini ikiwa imezimwa, pedali isukumwe kwa mkono mpaka ianze kuwa nzito, na umbali huo upimwe. Katika malori mengi yenye fimbo au kebo ni kama milimita 25 hadi 40; lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho chenye kauli ya mwisho. Kipimo kiandikwe kila mwezi katika daftari la gari. Kikianza kushuka, fundi hulegeza nati ya kufungia, hurekebisha fimbo, hukaza, kisha hupima tena. Hiyo ni kazi ya muda mfupi, na anayedai pleti mpya kwa sababu hiyo tu aulizwe maswali. Kinyume chake, ikiwa urekebishaji umefika mwisho, pleti imekwisha. Kuendelea kukaza ni kuahirisha gari kukwama njiani likiwa na mzigo.

Yapo malori ambayo klachi hurekebishwa ndani, penye kifuniko chake. Kwa hayo, kuchezea fimbo ya nje ili kuficha ulikaji ni kosa. Yapo pia yatumiayo mafuta na upepo: hapo huangaliwa kiwango cha mafuta, uvujaji, na alama ya ulikaji ikiwapo. Mafuta ya injini yasitiwe kamwe mahali pa mafuta ya breki, maana huvimbisha mipira.

Dalili ya kuteleza ni injini kunguruma zaidi bila mwendo kuongezeka, hasa mlimani, pamoja na harufu ya kuungua. Gia zikilia wakati wa kuingizwa, huenda klachi haiachii vizuri: mchezo umezidi, au hewa imeingia katika mafuta.

Pleti za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lisipulizwe kwa upepo wa kompresa. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Dereva naye asiegeshe mguu juu ya pedali, wala asilizuie lori mlimani kwa klachi. Breki ya mkono ipo kwa kazi hiyo.