Bwana Vittorio Pozzo, Mwalimu wa Kandanda

Mimi nisimamiaye michezo hujiwa kila muhula na wanafunzi wasiochaguliwa katika timu ya kwanza, wakisema kuwa kandanda haiwahusu tena. Hao hasa napenda wasome habari za Bwana Vittorio Pozzo wa Italia.

Pozzo alizaliwa katika mji wa Torino mwaka 1886. Alicheza mpira Uswisi, kisha akawa miongoni mwa walioanzisha klabu ya Torino mwaka 1906, akaichezea mpaka 1911. Hakuwa mchezaji wa sifa kubwa. Lakini alipokuwa Uingereza kwa masomo, alikwenda kuitazama Manchester United, akazungumza na sentahafu wao, Charlie Roberts, aliyewapelekea mawinga pasi ndefu. Kuuliza si ujinga: aliyoyaona huko ndiyo aliyokuja kuyafundisha.

Mtindo wake ulikuwa hivi. Mafulbeki wawili hulinda nyuma. Sentahafu husimama katikati, hukaba na kutoa pasi ndefu. Mainsaidi wawili hurudi nyuma kidogo kuwasaidia mahafu. Hivyo wapinzani wakipoteza mpira, shambulio huanza mara moja. Kwa mtindo huo Italia ilichukua Kombe la Dunia mwaka 1934 mjini Roma, ilipoifunga Chekoslovakia 2–1, na tena mwaka 1938 mjini Paris, ilipoifunga Hungaria 4–2. Katikati yake, mwaka 1936, ilipata dhahabu ya Olimpiki mjini Berlin. Pozzo alikuwa mwalimu wa kwanza kuchukua Kombe la Dunia mara mbili.

Lakini tusifiche neno: Mussolini, aliyetawala Italia kwa mabavu, alizitumia fahari hizo kuipamba serikali yake. Ushindi wa uwanjani hausafishi dhuluma.

Tarehe 4 Mei 1949 ndege iliyowarudisha wachezaji wa Torino kutoka Lisbon iligonga ukuta wa kanisa juu ya kilima cha Superga, karibu na mji wao. Watu wote 31 walikufa. Pozzo, aliyewahi kuwafundisha kadhaa wao katika timu ya taifa, ndiye aliyekwenda kuzitambua maiti, kwa kuwa aliwajua mmoja mmoja.

Basi, wewe uliye pembeni ya uwanja, usiondoke. Tazama nani anakimbilia wapi, na kwa nini. Mchezo ukiisha, uliza. Na wenzako wanaocheza, wajue vizuri. Pengine siku moja utakuwa mwalimu wao.