Je, kosheri ni sheria ya afya?

Swali: Je, katika kosheri, sheria yao ya chakula, Wayahudi walikatazwa nguruwe na vyakula vingine ili wakingwe na magonjwa?

Jibu: Maelezo hayo yanapendwa sana, lakini Torati yenyewe haiyaungi mkono. Mambo ya Walawi, sura ya 11, inataka mnyama awe na kwato zilizopasuka na awe anacheua. Nguruwe ana kwato hizo ila hacheui. Ngamia anacheua ila hahesabiwi kuwa na kwato zilizopasuka. Minyoo na homa havitajwi popote katika sura hiyo, ambayo inaishia kwenye agizo la kuwa watakatifu. Kwangu, ngamia ni shahidi mzuri kuliko nguruwe: Wasomali na Waarabu wamemla karne nyingi, na kwa Waislamu ni halali. Tena katika kosheri nyama na maziwa, kila kimoja kikiwa halali peke yake, haviliwi pamoja, na jikoni huwekwa vyombo vya aina mbili. Ingekuwa afya tu, sufuria moja iliyosuguliwa vizuri ingetosha.

Mpinzani atamtaja Maimonides, tabibu wa karne ya 12, aliyefundisha kwamba vyakula vilivyokatazwa vinaudhuru mwili. Hoja ina uzito, hasa kwa sababu ya aliyeitoa. Lakini Isaac Abarbanel, mwanazuoni wa karne ya 15, aliikataa: mataifa yanayokula nguruwe yana afya na nguvu zao. Nami naongeza kwamba kama kosheri ingekuwa kinga tu, basi jokofu na dawa ya minyoo vingekwisha kuistaafisha.