Je, Mtu Angechagua Saa Chache za Kazi?

Wengi husema ya kuwa binadamu, akipewa hiari, daima atachagua kuongeza mapato na kupanda cheo kuliko kupunguza saa za kazi. Kauli hii hukaririwa kana kwamba ni kanuni ya maumbile. Yafaa, ndugu msomaji, tuipime kwa jambo lililotokea hasa.

Katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan, Marekani, kiwanda cha Kellogg kitengenezacho vyakula vya nafaka kilibadili utaratibu wake mwezi wa Desemba 1930, wakati uchumi ulipokuwa umeporomoka na watu wengi hawana ajira. Zamu 3 za saa 8 zikawa zamu 4 za saa 6, ili watu zaidi wapate kazi. Ujira wa saa moja uliongezwa kwa asilimia 12.5. Hebu tupige hesabu: aliyekuwa akipata, kwa mfano, dola 4 kwa siku, sasa alipata dola 3 na senti 37 hivi. Basi saa 2 alizorudishiwa hazikuwa za bure. Alizilipia kutoka mfukoni mwake.

Je, alizijutia? Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia saa 8 zilirejeshwa. Vita vilipokwisha wafanyakazi walipiga kura, mwaka 1946, na zaidi ya robo tatu ya wanaume, na wanawake kwa wingi uliozidi huo, walitaka saa 6 zirudi. Hawa hawakuwa matajiri wala wavivu. Walikuwa wameonja yote mawili, na ushahidi wa aliyeonja una uzito kuliko dhana ya asiyeonja.

Mbona basi saa 6 zilififia baadaye? Kila idara iliachiwa kuamua peke yake. Wanaume wakaanza kuhamia saa 8, wengine kwa ajili ya mshahara, wengine kwa kuwa saa 6 zilikwisha pewa jina la kazi ya wanawake, na aliyezitetea akaonekana hana bidii. Hapo swali liligeuka. Halikuwa tena, “Wapenda muda au fedha?” bali, “Je, wakubali kuachwa nyuma na mwenzako?” Hayo ni maswali mawili mbalimbali, na wenye kuyachanganya hupotosha hoja. (Ama yule ambaye ujira wa saa 8 haumtoshi hata chakula, huyo hakuchagua lolote, wala asihesabiwe upande wowote.)

Mwaka uleule wa 1930, Mwingereza John Maynard Keynes, bingwa wa elimu ya uchumi, aliandika kwamba baada ya miaka 100 saa 15 kwa juma zingetosha. Muda huo umekaribia kutimia, na saa hizo hazijaonekana.

Kule Battle Creek, waliobaki na saa 6, wengi wao wanawake, walizishikilia mpaka mwaka 1985, zilipoondolewa.