Usijifunze "heavy" peke yake

Mwanafunzi akiniuliza "heavy" maana yake nini, namjibu "zito", kisha namwomba asiandike bado. Jibu hilo linatosha kwa gunia la mahindi na sanduku la safari. Ukilipeleka mbele zaidi linakupoteza.

Mimi kivumishi cha Kiingereza nakiandika daftarini pamoja na nomino yake. "Heavy rain" ni mvua kubwa. "Heavy traffic" ni msongamano wa magari. "Heavy smoker" ni mvutaji sigara aliyekubuhu, hata kama amekonda kama ufito, na "heavy sleeper" ni yule mnayemgongea mlango hadi majirani wanaamka yeye bado. Mwanaisimu Mwingereza J.R. Firth alilisisitiza hili mwaka 1957: maana ya neno itafute kwa maneno linaloandamana nayo.

Ukurasa wa pili wa daftari ndio ninaoupenda. Humo naweka "zito" zetu ambazo "heavy" haiziwezi. Uji mzito ni "thick porridge". Mzito wa kusikia ni "hard of hearing". Mjamzito ni "pregnant". Mwanasiasa tunayemwita mtu mzito, kwa maana ya ushawishi, ukimwita "a heavy man" umeshataja kilo zake. Sema "a political heavyweight", neno lililotoka kwenye ndondi. Humo humo naongeza jozi za "strong", ingawa kwetu hazina "zito": upepo mkali ni "strong wind", na chai iliyokolea majani ni "strong tea".

Kisha kila jozi ipe kinyume chake. Mvua, magari na mlalaji vyote vinachukua "light". Chai inachukua "weak", uji unachukua "thin". Hapo kivumishi kimoja kimeshakuletea vingine vitano.

Jozi nazipata kwenye habari za hali ya hewa na kwenye Oxford Collocations Dictionary, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002. Humo anza na nomino: fungua "rain" uone vivumishi vinavyoambatana nayo. Kamusi ya kawaida ya Kiingereza na Kiswahili haikufikishi huko, na wala sioni sababu ya kuilaumu.

Matamshi ni "hevi", si "hivi".

Ukishaizoea "heavy", chukua "strong", uanze na chai, kahawa na upepo.