Mdudu kwa Mdudu, na Dawa Mahali Pake

Wanachama, somo la safari hii latoka mbali na mikarafuu yetu, nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo. Huko watu hula mahindi, maharage na muhogo, na majani ya muhogo, ambayo sisi twayaita kisamvu, wao huyaita sombe.

Muhogo una adui aitwaye kidung'ata, mdudu mdogo mwenye unga mweupe. Hukaa kwenye ncha changa akifyonza utomvu hata majani yakajikunja kama ngumi. Alitoka Amerika ya Kusini, akaonekana Kongo mwaka 1973, na Tanzania mwaka 1987. Mtu akiona hivyo hukimbilia bomba la dawa. Lakini fikirini: mdudu amejificha ndani ya mkunjo, tena amejifunika nta, dawa humpita juu. Na sombe hilo hilo ndilo mboga ya jioni.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Hans Herren wa Uswisi, walitaka kujua ni nani amlaye kidung'ata huko kwao. Mwaka 1981 akapatikana Paraguay: nyigu mdogo kuliko punje ya mchele. Jike hutaga yai ndani ya kidung'ata. Funza akianguliwa humla kutoka ndani, likabaki ganda kavu. Mwaka huo huo nyigu walifunguliwa Nigeria, baadaye nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo. Basi apigaye dawa shambani humuua nyigu, na kidung'ata aliyejificha hubaki bila wa kumzuia.

Ghalani mambo ni mengine. Dumuzi, aliyetambuliwa Tabora, mkoa jirani wa Kigoma, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoboa mahindi na makopa hata yakawa vumbi. Hapo kumngojea mdudu wa kumla ni kukubali njaa. Mahindi yakaushwe, yapukuchuliwe, yachanganywe na dawa ya unga ya ghalani yenye permethrini, kwa kipimo kilichoandikwa pakitini. Dawa ya shambani isitiwe kabisa katika chakula, huua watu. Makopa yana taabu zaidi: heri muhogo ukae ardhini mpaka siku ya kuuhitaji.

Na kwetu? Maji moto huwauma wachumaji wa karafuu, najua, nami nimeumwa. Lakini chungu hao huwafukuza wadudu wafyonzao vidaka vya nazi. Mwenye minazi kati ya mikarafuu asiwachome kabla ya kutazama kwanza vidaka vyake.