Jua Kali na Kamba Fupi: Kumtunza Mbwa Wakati wa Kiangazi

Kila Ijumaa katika soko la Lubao, kando ya barabara ya Kakamega kuelekea Webuye, mbwa huuzwa kama vile kuku na mbuzi wanavyouzwa katika masoko mengine. Wanunuzi hutoka kaunti ndogo zetu na hata kaunti jirani, na wengi wanatafuta mlinzi wa boma. Kati ya Disemba na mwanzo wa mvua za Machi, mbwa hao hukaa juani wakati bei ikizungumzwa, kisha huvutwa kwa kamba hadi nyumbani au hupakiwa kwenye bodaboda. Wakifika, wengi hufungwa kamba nyingine. Somo la toleo hili ni jinsi joto linavyomdhuru mbwa, na la kufanya kabla hajaanguka.

Binadamu akipata joto hutoka jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Jasho lake ni kidogo tu, nalo hutoka kwenye nyayo. Njia yake kuu ya kupoa ni kuhema: hufungua kinywa, hutoa ulimi, na unyevu wa ulimi unapokauka huondoka na joto la mwili. Kazi hiyo inahitaji vitu viwili, maji na hewa inayopita. Ukimnyima kimojawapo, kuhema hakumfai tena, na misuli inayofanya kazi hiyo humwongezea joto juu ya lile alilo nalo. Joto la kawaida la mwili wa mbwa ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika na mbwa anaweza kufa katika muda mfupi.

Ndiyo maana kibanda cha mabati ni tatizo. Katika maboma mengi mbwa hufungiwa mchana ili awe mkali usiku, na kibanda chenyewe hujengwa kwa mabati yaliyosalia baada ya kuezeka nyumba: kuta bati, paa bati, mlango mmoja mdogo. Usiku wa mvua kinafaa sana. Saa saba mchana mwezi wa Februari, joto la nje linapoweza kupita nyuzi 30, ndani yake ni tanuri, na hewa iliyojaa pumzi ya mbwa mwenyewe haiwezi kukausha ulimi wake. Si lazima ujenge upya. Inua paa kiasi cha shubiri moja ili hewa ipite, tandaza nyasi kavu au majani ya migomba juu ya bati, na ukiweza hamisha kibanda chini ya mwembe au mparachichi. Kuta za mbao zilizoachana kidogo ni bora kuliko za bati.

Kamba nayo ina hila yake. Kivuli huhama, mbwa aliyefungwa hahami. Mtu humfunga mbwa wake asubuhi penye kivuli kizuri, akaenda shambani au sokoni bila nia yoyote mbaya, na kufikia saa nane kivuli kiko upande wa pili wa mti na kamba haifiki. Au mbwa amezunguka mti hadi kamba ikaisha, au amepindua karai la maji mara ya kwanza alipoinuka. Kabla ya kutoka nyumbani, jiulize jua litakuwa wapi saa nane, wala si lilipo sasa. Njia rahisi kwa asiyeweza kumwachilia mbwa ni kunyosha waya imara kati ya nguzo mbili, upande mmoja uwe na kivuli cha asubuhi na wa pili cha alasiri, kisha kamba ifungwe kwenye pete inayoteleza juu ya waya huo. Chombo cha maji kiwe kizito, au kizikwe nusu ardhini. Mbwa wa kilo 20 hunywa karibu lita moja kwa siku ya kawaida, na siku ya joto anaweza kuhitaji mara mbili ya hapo. Maji yaliyokaa juani tangu asubuhi yamwagwe, atiliwe mengine.

Safari ni hatari ya aina nyingine. Mbwa aliyetiwa ndani ya gunia, kinywa kimefungwa kwa kamba ili asiume, hawezi kuhema kabisa. Hili tuliseme wazi: anayembeba mbwa hivyo saa sita mchana anaweza kufika nyumbani na mzoga. Buti la gari lililoegeshwa halina nafuu. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto hufika kama nyuzi 34 kwa dakika 10, na 43 kwa nusu saa. Anayetoka Lubao na asafiri asubuhi mapema au jua likishapungua, abebe chupa ya maji, na apumzike kivulini. Kwenye lami, weka kiganja chako chini na uhesabu hadi saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa pia zitaungua.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumnyima mnyama maji na kumsafirisha kwa namna inayomtesa bila sababu. Katiba ya 2010 nayo, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la ustawi wa wanyama, pamoja na kutoa leseni za mbwa. Kwa hiyo swali kuhusu mbwa wako si swali dogo mno kulipeleka katika ofisi ya mifugo.

Dalili za joto kupita kiasi ni kuhema kusikotulia hata kivulini, mate mazito yanayoning'inia, ufizi mwekundu sana, kutapika, na kuyumba kama mlevi. Baadaye ufizi hupauka, mbwa huanguka na huenda akatetemeka. Usingoje hatua hiyo. Mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida ya mtungi au kisima tumboni, shingoni, kwapani na nyayoni, na umpepee kwa kadibodi au kitu chochote. Usimfunike kwa gunia lililoloa. Huzuia joto kutoka. Asilazimishwe kunywa, kwani maji yanaweza kuingia mapafuni. Akianza kutulia, bado mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwa sababu figo na ini huweza kuonyesha madhara siku moja au mbili baadaye.

Lakini mbwa anayetokwa na mate na kuyumba huwatia watu hofu ya kichaa cha mbwa, na hofu hiyo ina msingi. Aliyeshikwa na joto kwa kawaida hubadilika ndani ya dakika au saa chache baada ya kukaa juani. Mwenye kichaa huanza kubadilika tabia kwa siku kadhaa: huuma bila kuchokozwa, sauti hugeuka, taya hulegea, hushindwa kumeza. Mipaka hiyo si ya kutegemewa na mtu asiye daktari. Ikiwa mbwa hajachanjwa, au humjui, mmwagie maji kwa ndoo ukiwa mbali, usitie mkono kinywani mwake, waondoe watoto, na upige simu kwa afisa wa mifugo wa wadi. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo. Dalili za kichaa zikishaonekana kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Chanjo hutolewa mbwa akifika miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Unaponunua mbwa sokoni, mwulize muuzaji cheti. Kama hana, mchukulie mbwa huyo kuwa hajachanjwa, na umpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hiyo hiyo, asubuhi, kabla jua halijapanda.