Semi za Kupachika na Uzito wa Mkato

Semi za kupachika ni maneno, virai au vishazi vinavyoingizwa katikati ya sentensi inayojitosheleza. Katika Kiingereza hutengwa kwa mikato, vistari au mabano, na aghalabu zikiondolewa sarufi haiyumbi. Wanafunzi wengi huishia hapo, wakadhani kuwa kinachoondoleka hakina kazi.

Tuchukue sentensi mbili ambazo zingeweza kuandikwa katika kikao cha ardhi huko Msambweni:

(1) Wakulima waliorithi mashamba wapewe hati.
(2) Wakulima, waliorithi mashamba, wapewe hati.

Katika (1) kishazi rejeshi kinabagua: asiyerithi hana chake. Katika (2) kimepachikwa tu. Wakulima wote wanapewa, na urithi ni maelezo ya ziada. Hili si fumbo la darasani. Pwani ya Kenya, tangu Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iifanye ardhi isiyodaiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza, wengi wamelima bila hati. Naye mzee anayetoa ushahidi hana mkato; ana kituo na kiimbo, navyo hupotea karani asipokuwa makini.

"Nijuavyo" na "eti" ni za aina nyingine. Asemaye "Shamba hili, nijuavyo, ni la babu" anapunguza dhima yake. Asemaye "Shamba hili, eti, ni la babu" anatia shaka, pengine anakejeli. Sarufi ni ileile, lakini shahidi wa kwanza yu upande wa mdai, wa pili yu dhidi yake.